Wapenzi Wako Wana Nauli? Ninavyoandika Riwaya za Mapenzi Tandika na Kuzichapisha Mwenyewe

Kabla sijaandika sentensi ya kwanza ya riwaya, huwa nafungua ukurasa mtupu wa kaunta buku na kujibu swali moja: hawa wawili wakitaka kuonana leo jioni, wanapanda nini, na nauli anatoa nani?

Mimi ni fundi cherehani. Nina fremu Tandika, Dar es Salaam, hatua chache kutoka sokoni, na humo ndani nimeandika riwaya nne za mapenzi nilizozichapisha kwa fedha yangu. Wadogo zangu wanaotaka kuandika huja kuniuliza nilianzaje. Wengi wanatarajia niwasimulie penzi lililoniumiza. Mimi nawapa habari ya nauli, kwa sababu hapo ndipo hadithi zao nyingi zinapokwama.

Hadithi ninazoletewa nizisome huanzia kwenye jumba la Masaki. Mwanaume ana gari jeusi, ana walinzi, hana shida ya fedha wala ya muda. Msichana anavuka barabara, gari linafunga breki, macho yanakutana. Nikifika ukurasa wa kumi bado sielewi kwa nini hawajaoana, maana hakuna kinachowazuia. Mwandishi naye anaanza kuhisi hivyohivyo, basi anamleta mchawi, au pacha aliyepotea, au ajali. Hadithi inakuwa ya ajali.

Penzi la Dar lina vizuizi vyake, na vingi viko barabarani. Chukua msichana wa Kimara Mwisho na kijana anayetengeneza injini za boti Kigamboni. Msichana akitaka kumwona, anapanda basi la mwendokasi hadi Kivukoni, amesimama njia nzima. Anashuka, anatembea hadi Feri katikati ya harufu ya samaki wanaokaangwa, anakata tiketi, anasubiri geti lifunguliwe pamoja na umati wenye ndoo, baiskeli na watoto mgongoni. Maji yenyewe yanavukwa kwa dakika chache tu. Kusubiri ndiko kunakokula jioni. Akifika ng'ambo giza limeingia, na mama yake ameshapiga simu mara mbili. Sijamtaja adui yeyote, na tayari wapenzi hawa wana dakika arobaini za kukaa pamoja. Mtu mwenye dakika arobaini hapotezi neno.

Sasa lete masika. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa na mwendokasi husitishwa. Mvua ya Aprili peke yake inaweza kuwatenganisha watu wanaoishi katika jiji moja, bila mchawi. Halafu mlete mwanaume wa pili, mwenye gari. Tangu mwaka 2016 kuna Daraja la Nyerere kutoka Kurasini kwenda Kigamboni, na magari hulipia kupita. Yeye atapita darajani. Yule wa kwanza atangoja pantoni. Katika riwaya yangu ya tatu sikuandika popote nani ana fedha na nani hana. Niliandika kwamba mmoja huja kwa daraja na mwingine hunukia chumvi, na wasomaji wakaelewa.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa nauli ninaandika kila mmoja anafanya kazi gani na anatoka saa ngapi, analala chumba kimoja na nani, mshahara unaingia lini au kama ni kibarua cha siku, simu yake huwa na bando au ni ya kubipu, na nyumbani nani anahesabu saa zake. Nikimaliza, nafunga fremu mapema siku moja na kusafiri njia ile mimi mwenyewe, saa ileile waliyosafiri wao. Usiruke hatua hii hata kama umezaliwa mtaa huohuo. Siku niliyokwenda Feri kwa ajili ya wale wa Kigamboni nilikuwa nimepanga wapenzi wakae kwenye benchi wazungumze. Nilipofika nikaona geti linapofunguliwa watu hukimbia. Nikaliacha benchi. Katika kitabu, geti lilifunguliwa, watu wakakimbia, kijana akamshika msichana mkono wasipotezane. Wakaingia kwenye pantoni, wakapata pa kusimama, na mkono hakuuachia. Wasomaji walionipigia simu kuhusu kitabu kile, wengi walianza na mkono ule.

Chukua vya watu, acha watu wenyewe

Cherehani imenipa hadithi kuliko kitabu chochote. Mwanamke akisimama kupimwa, mikono ameiinua, futi imemzunguka kiuno, huwa anasema. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mnakuwa karibu sana na hamtazamani usoni. Bibi harusi mtarajiwa ananiambia anataka gauni lifunike mabega, na kabla sijaandika kipimo cha bega ameshaniambia mama mkwe alisema nini. Mwingine analeta doti ya kanga ashonewe dera, nasoma maandishi yaliyo juu yake, nauliza, "Hii unamvalia nani?" Hapo tumeshaanza.

Lakini sikiliza kilichonipata. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na gauni la kijani lenye shanga mgongoni, limeshonwa kwa ajili ya sendofu ambayo haikufanyika. Nilibadilisha jina la msichana, nikamhamisha kutoka Yombo kwenda Tabata, nikadhani nimemficha. Mwaka uliofuata mteja wangu aliingia na kitabu mkononi. Alikiweka juu ya meza ya cherehani, akafungua pale alipokunja ukurasa, akasema taratibu, "Fundi, hili gauni ni langu." Hakupaza sauti. Aliokota vitambaa vyake viwili ambavyo sikuwa nimevikata, akaondoka. Hakurudi tena, na dada zake nao hawakurudi. Jambo lile bado linaniuma. Hakunipa ruhusa, na mimi nilikuwa nimeuza aibu yake kwa shilingi 8,000 nakala moja.

Tangu hapo nina kanuni ambayo siivunji. Kutoka kwa mtu wa kweli nachukua jambo moja tu, na liwe lile ambalo lingeweza kumpata yeyote: mama mkwe kukataa rangi ya gauni, bwana harusi kuchelewesha fedha ya mshono. Nabadilisha chanzo cha ugomvi, nabadilisha mwisho, nabadilisha nani alimwacha nani. Kitu chenye alama, kama zile shanga, sikigusi kabisa. Na jambo lolote nililoambiwa huku mtu analia haliingii kwenye kitabu, hata akiwa amehama mji.

Kinachobaki bado ni kingi. Nenda kwenye shughuli. Kaa nyuma kwenye kicheni pati uwatazame wale wasiocheza. Kaa karibu na mshenga siku ya kupeleka barua ya posa, uone nani anaipokea na nani anaingia ndani bila kusema neno. Soma sheria pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla, na katika muda huo mwenye pingamizi ana haki ya kulitoa. Kanisani ndoa hutangazwa mbele ya waumini wote. Hebu fikiria siku 21, na mtu mmoja tu, kiti cha nyuma, anayejua jambo. Sheria hiyohiyo inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, kuna dhana kwamba wameoana. Riwaya yangu ya nne yote imesimama hapo: wamekaa pamoja Mtoni mwaka mmoja na miezi kumi, na kaka wa mwanaume anahesabu miezi.

Siku shikamoo ilipokoma

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, na waandishi wengi wanalipita mbio.

Penzi la Kiswahili huonekana kwanza kwenye namna watu wanavyoitana. Kabla hujaandika mazungumzo, panga ngazi za majina. Konda anamwita abiria "anti". Anamwona tena kesho yake, anamwita "dada". Wiki ya tatu anamwita "dada wa Veta", kwa sababu ameshajua anashuka wapi. Siku anayomwita kwa jina, msomaji aguse moyo wake mwenyewe, maana jina lile aliliokota mahali, alilitafuta. Siku ikifika akamwita "mama" katika sauti ile ya mume anayemwita mkewe, kitabu kinakaribia mwisho. Ukimruhusu amwite "mpenzi" ukurasa wa tano, umezipanda ngazi zote kwa hatua moja na huna tena pa kwenda.

Halafu kuna shikamoo. Katika riwaya yangu ya pili kijana ni fundi seremala wa Keko, ana miaka thelathini na sita. Msichana ana ishirini na nne, anauza chapati na chai asubuhi mbele ya karakana. Siku ya kwanza anamsalimu kama alivyolelewa:

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Chapati mbili."

Nikawaacha hivyo kurasa thelathini. Shikamoo, marahaba, chapati mbili. Yule seremala anaanza kutamani salamu ile ife, lakini hawezi kumwambia mtu aache adabu. Msichana naye anajua kwamba siku atakayoiacha atakuwa amesema jambo kubwa mbele ya mafundi wote. Asubuhi moja anamwekea chapati kwenye sahani, hamwangalii, anasema:

"Umeamkaje?"

Seremala anashika sahani. Mafundi wengine wanaendelea kupiga randa. Hakuna aliyesikia kilichotokea ila wao wawili, na wewe unayesoma.

Neno moja lilinitosha. Ukitaka kupima kama mazungumzo yako yana uhai, funika sehemu zote zinazosema "alisema kwa upendo", "alijibu kwa aibu". Kama bado tunajua nani anampenda nani, yaache yalivyo. Kama hatujui tena, maneno yenyewe hayana penzi, na kuyapamba hakutasaidia.

Vivyo hivyo kwa moyo kudunda. Katika rasimu zangu moyo hudunda sana, nakiri, maana ukiandika alfajiri unachukua neno lililo karibu. Ninapopitia upya nayatafuta madundo yote na kuyabadilisha kuwa kitendo. Niliwahi kuandika hivi: "Moyo wake ulidunda kwa nguvu, akajihisi yuko peponi." Nikaikata. Badala yake nikaandika: "Konda alimrudishia chenji. Hakuihesabu." Msichana wa Mbagala asiyehesabu chenji ni msichana aliyechanganyikiwa kwa penzi, na kila anayepanda daladala analijua hilo.

Msomaji wako amekaa siti ya watu wawili

Wasomaji wangu wengi husoma kwenye simu ndani ya daladala, na jirani ana macho. Nililijua hili nilipokuwa nimekaa nyuma ya dada mmoja aliyekuwa akisoma hadithi ya mtu mwingine. Alifika kwenye mambo ya chumbani yaliyotajwa waziwazi, akaigeuza simu kifudifudi kwenye paja na kutazama nje hadi Buguruni. Kipande kile kilimnyang'anya hadithi.

Mimi huandika mambo ya chumbani, maana riwaya ya mapenzi isiyofika chumbani inamdanganya mtu mzima. Ila naandika kwa lugha ambayo bibi zetu walikuwa nayo tayari. Kungwi humfundisha mwali kwa nyimbo na mafumbo, na taarabu imesema kila kitu bila kutaja kitu. Lugha hiyo ni ya stara, na inawaka kuliko ya kutaja viungo. Chagua kitu kimoja kilichopo chumbani ukipe kazi yote: taa ya kibatari, pazia, ndala mbili mlangoni. Kwenye riwaya ya seremala nilichagua komeo, kwa kuwa alilitengeneza yeye: "Alilishusha komeo taratibu, kama mtu asiyetaka mlango ujue." Sura ikaishia pale. Sura iliyofuata ilianza na mvua na chai ya tangawizi, na hakuna msomaji aliyeniuliza kilichotokea katikati.

Kurasa tatu kabla ya jua

Naamka saa kumi na nusu alfajiri. Naandika kwa mkono, kaunta buku la kwaya mbili, peni ya bluu, hadi saa kumi na mbili watoto wanapoamka. Kurasa tatu, siku tano kwa wiki. Zikiwa mbaya ni tatu, zikiwa nzuri ni tatu. Zikinoga nakatisha katikati ya tukio ili kesho nijue pa kuanzia. Kwa mwendo huo miezi mitatu inatosha kujaza kaunta buku zima, na hiyo ni riwaya.

Sianzi bila kujua matukio matatu: wanakutana wapi, nani au nini kinawakataza, na picha ya mwisho. Hayo nayachora kama ninavyopiga chaki kwenye kitambaa. Mengine yote naacha nafasi ya kupanua, maana katikati ya kitabu mmoja wa wapenzi lazima afanye jambo ambalo sikulipanga, na nikimzuia anakufa mikononi mwangu.

Nikimaliza naliacha daftari wiki tatu nashona tu. Kisha nataipu, na wakati wa kutaipu ndipo ninapokata. Baada ya hapo nawasomea wanafunzi wangu wawili wa ushonaji mchana, wakati hakuna wateja. Siwaombi maoni. Natazama miguu yao. Hadithi ikiwashika, mguu unatulia juu ya pedali na cherehani inanyamaza. Mguu ukirudi kukanyaga, natia alama pembeni: hapa pamelala. Naamini miguu ile kuliko sifa za rafiki yeyote.

Mwisho namlipa mwalimu mstaafu wa Kiswahili apitie. Hapa usibane fedha. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba masimulizi yawe sanifu na mdomo wa mhusika uachwe ulivyo. Konda wa Temeke hawezi kuongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mwalimu huyo ndiye aliyenionyesha kwamba mhusika wangu mmoja alikuwa mjamzito kwa miezi kumi na mitatu.

Kuuza, na kuchapa

Kujichapishia si jambo la kuombea radhi. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya, alikuwa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji hapa Dar, Heko. Huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, wanawake wamekuwa wakiandika riwaya za mapenzi kwa Kihausa tangu miaka ya 1980, wakizichapa kwa fedha zao vijitabu kwa vijitabu na kuziuza sokoni. Nikichoka huwa nawafikiria.

Mimi naanza na grupu la WhatsApp. Msomaji anatuma shilingi 2,000 kwa simu, anaingizwa, anapata sehemu moja kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya Isha. Usianze kutuma kabla hujamaliza kuandika hadithi yote. Nilijaribu mara moja tu: mtoto akaugua nikiwa sehemu ya kumi na nne, nikanyamaza siku tisa, na watu waliokuwa wamelipa waliishi na arosto kwa kosa langu. Kata kila sehemu mahali ambapo swali limeulizwa na mlango haujafunguliwa, lakini usimdanganye msomaji. Ukimaliza Jumatatu kwa mlio wa bunduki, Jumatano usiseme ilikuwa tairi. Watakutumia voisi wakikuomba umuue huyu umwozeshe yule. Sikiliza zote, maana zinakuonyesha wapi wamependa, kisha fuata daftari lako.

Wapo watakaoisambaza bure. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Hata hivyo sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili siku ya ugomvi uwe na karatasi mkononi. Namba ya ISBN, yaani ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Iombe mapema, kwani inatakiwa iwe nyuma ya kava kabla ya kuchapa. Picha ya kava usiichukue mtandaoni. Mimi nilimlipa binti wa jirani na mpiga picha wa mtaani, nikaandikishana nao karatasi kwamba sura yake itatumika kwenye kitabu, na binti akapewa nakala tano.

Kuhusu kuchapa, jambo la kwanza ni hesabu ya kurasa. Kitabu cha ukubwa wa A5 huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, na kila karatasi mara nyingi hutoa kurasa 16. Ndiyo maana kitabu cha kurasa 160 au 176 hakipotezi kitu, na cha 163 unalipia karatasi nzima kwa kurasa tatu. Muulize mchapaji karatasi yake inatoa kurasa ngapi, kisha punguza au ongeza hadithi kwa kujua. Nakala chache, hamsini au mia, zichapwe kwa mashine ya dijitali. Ukifika mia tano, mashine ya pleti, yaani mabamba yanayobeba kurasa zako, huanza kuwa nafuu, kwa sababu gharama ya pleti ni ileile ukichapa nakala kumi au elfu.

La pili nililipia kwa machozi. Kitabu changu cha kwanza nilipokea nakala 300, nikalipa fedha yote, nikapakia kwenye bajaji nikiwa nimejaa furaha. Siku ya nne msomaji wa Chanika akanipigia: "Dada, mbona wanakataliwa posa mara mbili?" Nikafungua. Kurasa za 97 hadi 112 zilikuwa zimewekwa mara mbili, na za 113 hadi 128 hazikuwepo. Fungu zima la karatasi lilikosewa wakati wa kupanga. Kwenye kurasa zilizokosekana ndiko mmoja wa wapenzi alikokuja kuomba msamaha. Nakala nyingi zilikuwa na kosa hilo. Mchapaji alisema nilishapokea na kusaini. Tulibishana wiki mbili, mwisho akakubali kurudia kazi kwa nusu ya gharama, na nusu hiyo niliilipa kwa kushona sare za shule usiku kucha mwezi mzima.

Sasa silipi zaidi ya nusu kabla ya kuona nakala moja ya mfano iliyokamilika, imetiwa gundi na kava. Naisoma namba za kurasa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kidole chini ya kila namba. Nakifungua katikati hadi kikae wazi mezani nione kama gundi inaachia. Siku ya kuchukua mzigo nachomoa nakala moja katika kila kumi, hapohapo dukani, nahesabu tena. Saini inakuja baadaye. Mchapaji mzuri hakasiriki. Ninaye Kariakoo ambaye ananiwekea kiti.

Bei naipanga kwa kuzidisha mara mbili gharama ya nakala moja, kisha najiuliza kama mteja wangu wa Tandika anaweza kuitoa bila kuruka mlo. Wa mikoani nawatumia kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, mzigo umeandikwa jina na namba ya simu pande mbili.

Halafu zile kurasa zinazobaki mwishoni ili kutimiza kumi na sita, usiziache tupu. Vitabu vya mapenzi huku kwetu huazimwa. Zamani hilo liliniudhi, nikihesabu fedha nisizolipwa. Sasa ukurasa wa mwisho nauchapa mistari mitupu, juu yake nimeandika: "Ukikisoma, andika jina lako na unapoishi, kisha mpe mwingine." Chini kabisa naweka namba yangu ya simu. Mwaka jana mwanamke mmoja aliniletea nakala ya riwaya ya seremala nimtilie kava jipya la kitambaa, maana la zamani lilikuwa limechanika. Ilikuwa na majina kumi na moja. La kwanza lilikuwa la Tandika Mwembeyanga, kisha Mbagala Kizuiani, kisha Chamazi, kisha Morogoro, na la kumi, kwa peni nyekundu, lilitoka Kigoma. La kumi na moja lilikuwa lake. Alisema mistari imekwisha, akaniuliza kama ninaweza kumshonea na karatasi nyingine.